Jina la ndege halina mabawa

Mtu aliyekulia Uvira au Gatumba anaijua sauti ya ndege inayoshuka Bujumbura. Watoto wakiisikia wanatoka nje mbio, na kila mmoja anataja kampuni hata kama hajaona maandishi. Ethiopian! Kenya Airways! Brussels! Lakini kuna jina moja ambalo mtoto wa leo hatalitaja: Air Burundi. Hilo wanalitaja wazee wetu, na wanalitaja vile mtu anavyomtaja ndugu yake marehemu.

Makala hii inahusu majina ya aina hiyo. Nataka tuulizane: kwa nini kampuni ya ndege ikizaliwa inapenda kuchukua jina la kampuni iliyokufa? Na jina likirudi, linarudi na nini? Ninawaandikia vijana wenzangu wa kambini na pia ninyi mnaofanya kazi pamoja nasi, kwa sababu hapa kwetu vilevile vitu vinakufa, halafu vinarudi na jina lilelile. Historia ya ndege inaweza kutufundisha jambo.

Tuanze na Wabelgiji. Kampuni yao, Sabena, ilianzishwa 1923. Mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na safari hiyo ikamchukua siku 51. Leo ni safari ya usiku mmoja. Kidogo kidogo Sabena ikawa ndege ya wakoloni katika Kongo na Ruanda-Urundi, na mji tunaouita Bujumbura ulikuwa bado unaitwa Usumbura. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 na jina la mji likabadilika, lakini kwa miaka mingi aliyetaka kwenda Ulaya kwa ndege bado alimtegemea Mbelgiji.

Nchi changa zote wakati ule zilitaka vitu vilevile: bendera, wimbo wa taifa, jeshi na ndege. Burundi nayo ilitaka. Mwezi wa Aprili 1971 ikaanzishwa kampuni iliyoitwa Société de Transports Aériens du Burundi, kwa kifupi STAB. Jina refu kama hilo ni la ofisini, huwezi kuliimba. Mwaka 1975 likabadilishwa likawa Air Burundi. Maneno mawili tu, na hata asiyejua kusoma anaelewa kwamba ndege hii ni yetu.

Ndege zenyewe hazikuwa nyingi. Walianza na DC-3, ndege ya mapanga mawili ambayo dunia iliizoea tangu vita ya pili. Baadaye ilikuja Caravelle, ndege ya jeti iliyotengenezwa Ufaransa, na nyingine ndogo kama Twin Otter na Beechcraft 1900, ambayo inachukua abiria 19. Walikuwa wanakwenda karibu: Kigali, Entebbe, miji ya jirani. Usicheke. Kwa nchi isiyo na bahari, ambayo mafuta yake yanatoka bandarini kwa barabara siku na siku, kurusha hata ndege moja ni kazi kubwa.

Na hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Kampuni ya ndege si ndege. Ndege ukiwa na pesa unaweza kuinunua, au kuikodi, au kupewa. Kampuni ni marubani ambao lazima wapimwe mara kwa mara, mafundi wenye vyeti, bima inayolipwa kwa dola, vipuri vinavyotoka mbali, na cheti cha serikali kinachosema una ruhusa ya kubeba watu. Kampuni yenye ndege moja inapata shida ambayo hata dereva wa teksi wa Buja anaijua: gari likiwa kwa fundi, hakuna kazi. Lakini mishahara inaendelea, bima inaendelea, na abiria aliyelala uwanjani mara mbili hatarudi tena.

Kisha vita ikaja. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa, na nchi ikaingia moto. Wengi wenu mnaosoma hapa mlizaliwa baadaye, ila maisha yenu yalianza kuandikwa siku zile. Julai 1996, baada ya Pierre Buyoya kuchukua madaraka kwa nguvu, nchi za jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Safari za ndege zilikuwa ndani ya vikwazo hivyo. Vilisimamishwa Januari 1999. Fikiria kampuni ndogo ambayo kazi yake ni kwenda kwa majirani, halafu majirani wanafunga mlango zaidi ya miaka miwili.

Hata wakubwa waliguswa. Desemba 2000 ndege ya Sabena, Airbus kubwa yenye abiria, ilipigwa risasi ikishuka Bujumbura na watu wawili wakajeruhiwa. Sabena ikasimamisha safari zake za huko. Mwaka haukuisha, Sabena yenyewe ikaanguka: tarehe 7 Novemba 2001 ilifilisika huko kwao Ubelgiji, baada ya karibu miaka 80 ya kuruka.

Hapa sasa ndipo inaanza hadithi ya majina kurudi. Miezi mitatu tu baada ya kifo hicho, Februari 2002, ilitokea kampuni iliyoitwa SN Brussels Airlines. Hizo herufi SN ndizo zilikuwa alama ya Sabena kwenye tiketi na kwenye ubao wa uwanja. Kampuni yenyewe ilijengwa juu ya mtoto wa Sabena, kampuni ndogo iliyoitwa Delta Air Transport, ambayo haikuzikwa pamoja na mama yake. Kwa hiyo mwili ulikuwa wa mtoto, na herufi zilikuwa za marehemu. Abiria akiona SN anajisikia yuko nyumbani. Kampuni hiyo iliishi miaka mitano tu kwa jina hilo. Mwaka 2007 iliunganishwa na kampuni nyingine, Virgin Express, ikawa Brussels Airlines. Lakini herufi hazikufa. Mpaka leo safari za Brussels Airlines zinaandikwa SN, halafu namba. Watu wanasafiri na herufi za marehemu mfukoni bila kujua.

Angalia ni kitu gani kilifanya jina hilo liweze kuruka. Walikuwepo marubani, zilikuwepo ndege, cheti cha kurusha ndege kilikuwa hai kwa yule mtoto. Jina lilikuja juu ya vitu ambavyo tayari vilikuwepo.

Turudi Bujumbura. Air Burundi iliendelea kwa kujikokota, na mwaka 2009 ikaacha kuruka. Haikutangazwa kwa ngoma. Kwa miaka iliyofuata watu walikuwa wanasikia habari ya ndege ya Kichina aina ya MA60 ambayo ingekuja kuifufua. Wanafunzi walimaliza shule, wengine wakaoa, mwaka 2015 wengine wakakimbia nchi, na Air Burundi ikabaki jina tu.

Mwaka 2021 serikali ilichukua Air Burundi ikaiunganisha na SOBUGEA, kampuni iliyokuwa inahudumia ndege za wengine pale uwanjani na kushughulika na maghala ya mizigo. Mtoto aliyezaliwa akaitwa Burundi Airlines. Neno la nchi lilibaki, la Kifaransa likageuzwa Kiingereza. Miaka ya kwanza ya Burundi Airlines ilipita bila safari zake za abiria. Kampuni yenye jina la ndege ilikuwa inafanya kazi ya chini: kupokea ndege za wageni, kubeba mizigo yao, kuzisindikiza zikiondoka. Hiyo ni kazi ya heshima, na inaingiza pesa. Lakini anayesikia jina tu anafikiri kuna ndege angani.

Kuna mzee mmoja katika kwartiye yetu hapa kambini ambaye ujana wake alipakia mizigo pale uwanja wa Bujumbura, wenye yale majengo meupe ya mviringo. Uwanja huo tangu 2019 unaitwa Melchior Ndadaye, kwa hiyo nao ulipewa jina la marehemu. Nilimuuliza: «Baba, Burundi Airlines ni Air Burundi ileile?» Akacheka, akasema: «Mwanangu, mtoto akipewa jina la babu yake, tunafurahi. Lakini hatumtumi akachunge ng’ombe za babu siku hiyohiyo.»

Warundi hawako peke yao katika jambo hili. Sisi Wakongomani tumeenda mbali zaidi. Mwaka 1961 ilianzishwa Air Congo, Sabena ikiwa na sehemu yake ndani. Mwaka 1971 Mobutu alibadilisha jina la nchi, na ndege ikageuka Air Zaïre. Watu waliipenda na kuicheka kwa wakati mmoja. Waliiita Air Peut-être, yaani Air Labda, maana labda itaondoka, labda hapana. Mwaka 1995 ilifilisika. Baada yake ilikuja Lignes Aériennes Congolaises, nayo ikachoka. Mwaka 2015 ikaja Congo Airways. Na Desemba 2024, baada ya majina yote hayo kuzunguka, ikaruka kampuni mpya iliyoitwa… Air Congo. Jina la 1961! Serikali ina asilimia 51, Ethiopian Airlines ina asilimia 49, na walianza na ndege za Boeing 737-800 zilizotoka kwa Waethiopia. Jina ni letu la zamani, uzoefu ni wa Addis Ababa.

Mimi sioni hilo kuwa aibu. Ni afadhali kuazima fundi kuliko kuazima sifa.

Uganda nayo ina yake. Nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zilikuwa na kampuni moja, East African Airways, iliyoanza kuruka 1946. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kampuni nayo ilivunjika, na kila nchi ikaenda na njia yake. Uganda Airlines ilizaliwa hapo, ikaruka mpaka 2001, ikafungwa. Miaka 18 baadaye, Agosti 2019, jina likarudi hewani. Ukisoma karatasi za sheria, kampuni mpya inaitwa Uganda National Airlines Company Limited, si ileile ya zamani. Lakini kwenye ubavu wa ndege wameandika Uganda Airlines, na Bujumbura ikawa moja ya miji ya kwanza kuwekwa kwenye ramani yake. Hao walileta ndege kwanza, nne mpya za CRJ900, baadaye Airbus mbili kubwa, ndipo jina likapata mahali pa kukaa. Hasara bado zipo, mkaguzi wa serikali yao amekuwa akizitaja, na mlipa kodi wa Uganda ndiye anayezibeba. Lakini ndege inaonekana.

Hata Marekani, ambako tunafikiri kila kitu kinaenda sawa, walipitia haya. Pan Am, kampuni iliyojulikana dunia nzima, ilikufa Desemba 1991. Jina lake liliuzwa peke yake, kama mtu anavyouza shati la marehemu, kwa zaidi ya dola milioni 1. Mwaka 1996 ikatokea Pan Am ya pili, na 1998 ikafilisika. Nyingine, Braniff, ilikufa 1982, ikafufuka 1984, ikafa 1989, ikafufuka 1991, na 1992 ikafa tena. Jina moja, makaburi matatu.

Kwa nini wanafanya hivyo? Kwa sababu jina ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Kampuni mpya inatumia pesa nyingi na miaka mingi ili watu waizoee. Jina la zamani linakuja na mazoea yake: mtu alilisikia akiwa mtoto, baba yake alisafiri nalo mara moja akawa na picha ukutani. Kwa wanasiasa ni tamu zaidi. Ukisema «tunaanzisha kampuni», watu wanauliza pesa iko wapi. Ukisema «ndege yetu imerudi», watu wanapiga makofi kwanza, maswali baadaye.

Lakini kuna kitu ambacho jina haliwezi kufanya: haliwezi kukimbia deni. Mwaka 2015, kabla Congo Airways haijaanza kazi, moja ya ndege zake, Airbus A320, ilizuiliwa Dublin, Ireland. Wadai wa Kimarekani walikuwa wanaidai serikali ya Kongo, wakaenda mahakamani wakasema: ndege hii ni mali ya mdaiwa wetu. Kampuni ilikuwa mpya kabisa, haijabeba hata abiria mmoja, na deni lilikuwa limeshaitangulia uwanjani. Mwaka 2019 Air Tanzania nayo ilizuiliwa ndege yake Johannesburg kwa sababu ya deni la mashamba ambayo serikali ya Tanzania ilichukua zamani, mpaka mahakama ilipoamuru iachiwe. Deni linafuata mwenye mali, halisomi maandishi ya ubavuni.

Na haliwezi kukimbia sifa mbaya pia. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya umezuia kampuni zote zilizopewa cheti na Kongo kuruka Ulaya. Shida si kampuni hii au ile, shida ni usimamizi wa usalama. Kwa hiyo ubadilishe jina mara kumi, mpaka ukaguzi wa nchi utengenezwe, orodha itakukuta palepale.

Sasa ninaomba mnivumilie tuache uwanja wa ndege turudi kwenye mahema.

Kazi yangu ni vijana. Nimeona projeti ya mafunzo ikifungwa kambini kwa sababu pesa ya mfadhili imekwisha. Kompyuta zikabebwa, mlango ukafungwa kwa kufuli. Muda ukapita. Halafu likatundikwa bango jipya, na jina lilikuwa lilelile la zamani. Mfadhili mwingine, viongozi wengine, lakini jina lile. Vijana walifurahi kweli. Siku ya kuandikisha walikuja na vyeti vyao vya zamani, wengine walikuwa wamebakiza mwezi mmoja tu kumaliza, na wakaambiwa: «Hiyo ilikuwa projeti nyingine. Anzeni upya.» Dada mmoja alikuwa ametunza karatasi yake ndani ya plastiki pamoja na karte ya familia. Alisimama pale anasoma bango, anasoma karatasi, anasoma bango tena. Jina lilikuwa moja.

Hapo niliielewa Air Burundi kuliko kitabu chochote kingeniambia. Anayefufua jina anataka mapenzi ya zamani bila madeni ya zamani. Anataka makofi ya baba, lakini hataki kusikia juu ya mshahara ambao baba hakulipwa, tiketi ambayo abiria hakurudishiwa, mwezi mmoja ambao dada yule alibakiza. Kwa sheria labda ana haki: kampuni mpya ni mtu mpya. Kwa watu, hapana. Sisi tulimkumbuka kwa jina hilo. Ndiyo maana alilichukua.

Kwa hiyo nina maneno mawili.

La kwanza ni kwa ninyi ndugu zetu wa ONG na ofisi. Mkiwa mnaleta kitu kipya, kipeni jina jipya, hakuna atakayewalaumu. Lakini mkichukua jina la zamani, fungueni na daftari la zamani. Muulize nani alibaki njiani, nani ana karatasi, nani alifundisha hapa kabla yenu na sasa anauza maharage sokoni. Hao ndio marubani na mafundi wenu. Wako palepale mlipo. SN Brussels iliruka haraka kwa sababu ilichukua herufi pamoja na watu.

La pili ni kwetu sisi. Mkimbizi anaishi kwa kusikia: wanasema ndege ya kwenda Marekani imerudi, wanasema majina yametoka, wanasema projeti ile imefufuka. Tusikatae kufurahi, furaha ni haki yetu. Ila tukiisikia «imerudi», tuulize maswali matatu kabla hatujauza mbuzi: Cheti kiko wapi, yaani nani amewapa ruhusa na mpaka lini? Pesa ya mwaka wa pili inatoka wapi, si ya uzinduzi tu? Na watu wa zamani wako ndani au wako nje ya lango? Ukipata jibu la maswali hayo, panda. Ukipata jina tu, rudi nyumbani na mzigo wako.

Sisemi Burundi Airlines haitaruka. Naomba iruke. Siku ikipita juu ya ziwa na maandishi ya Burundi ubavuni, watoto wa Uvira na wa Gatumba watapata jina jipya la kupigia kelele, na mimi nitafurahi pamoja nao. Ila nitapenda kusikia kwamba ndani yake, kati ya wale wanaofunga milango na kukagua injini, kuna hata mmoja aliyejifunza kazi hiyo zamani, wakati ilipoitwa Air Burundi.